Theluji Chini ya Kwato za Farasi

Mtu asimamaye Moshi asubuhi, mawingu yakiwa yameondoka, huona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Weupe ule ni theluji na barafu. Watu wengi wa Afrika ya Mashariki huijua theluji kwa kuitazama hivyo kwa mbali tu, wala hawajapata kuikanyaga. Lakini katika nchi za kaskazini ya dunia, kama Urusi, Norwe, Kanada na sehemu za kaskazini za Marekani, theluji haikai juu ya milima peke yake. Majira ya baridi yafikapo, huanguka mashambani, njiani na juu ya mapaa ya nyumba, ikaifunika nchi kwa muda wa miezi mitatu, minne au zaidi. Mito huganda, na maziwa huwa magumu kama sakafu ya mawe.

Katika nchi hizo farasi amewatumikia watu tangu zamani, wakati wa joto na wakati wa baridi. Kabla ya kuja motokaa, mganga aliyeitwa usiku kwa mgonjwa, tarishi aliyechukua barua, na mkulima aliyepeleka kuni mjini, wote walitegemea miguu ya farasi. Wengine walimpanda mgongoni; wengine walimfunga mbele ya gari la kuteleza, yaani gari lisilo na magurudumu, lililowekewa vipande virefu vya mti au vya chuma ili liteleze juu ya theluji. Hata leo wako watu wengi wapandao farasi wakati wa baridi, kwa kazi na kwa michezo.

Farasi mwenye afya huivumilia baridi vizuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Majira hayo yakikaribia, nywele zake hurefuka na kuwa nene, naye akipata majani makavu ya kutosha, mwili wake hukaa na joto. Basi baridi yenyewe siyo adui yake mkubwa. Adui mkubwa hukaa chini ya mguu wake, mahali ambapo mpandaji hapaoni akiwa ameketi juu ya tandiko. Adui huyo ni donge la theluji.

Ukwato ulivyo

Ng'ombe na mbuzi wana kwato zilizopasuka mbili, lakini ukwato wa farasi ni mmoja mzima. Nje umezungukwa na ukuta mgumu ulio kama ukucha wa mtu. Mtu akiuinua mguu wa farasi na kuutazama chini, ataona kwamba ndani ya ukuta huo unyayo umebonyea kidogo, kama kisahani. Katikati, upande wa nyuma, kuna kipande chenye umbo la pembe tatu, nacho ni laini kama mpira. Kipande hiki hupunguza mshindo wa hatua, nacho husaidia ukwato kulishika vema udongo.

Ukuta wa ukwato hukua daima kama kucha zikuavyo, nao huliwa na ardhi farasi anapotembea. Farasi atembeaye sana juu ya barabara ngumu huweza kulika kwato upesi kuliko zinavyokua, hata akaumia. Kwa sababu hiyo mhunzi humvisha viatu vya chuma. Kiatu hicho ni chuma kilichopindwa kama mwezi mwandamo, nacho hupigiliwa misumari katika ukuta wa ukwato. Farasi hasikii maumivu, maana sehemu ile ya ukuta haina uhai, kama ncha ya ukucha ikatwayo kwa mkasi. Mhunzi ajuaye kazi yake hupigilia msumari mahali hapo tu, wala haugusi mwili ulio ndani.

Kiatu cha chuma humfaa sana farasi. Lakini kitu kifaacho wakati mmoja huweza kuleta taabu wakati mwingine. Na wakati wa theluji chuma hicho hicho huwa chanzo cha taabu.

Jinsi donge linavyofanyika

Theluji si ya namna moja siku zote. Baridi ikiwa kali mno, theluji huwa kavu kama unga. Mtu akiifumbata mkononi, hutawanyika. Lakini baridi ikipungua hata ikakaribia digrii 0, yaani kiasi ambacho maji huganda na barafu huyeyuka, theluji huwa na unyevu ndani yake. Theluji ya namna hiyo ikifumbatwa hushikamana mara moja. Watoto wa nchi zile huipenda sana, kwa kuwa hufanya madonge wakatupiana kwa michezo. Walakini theluji ile iwafurahishayo watoto ndiyo imwangushayo farasi.

Farasi wa kupandwa aghalabu ana uzito wa kilo 450 au 500, mbali na uzito wa tandiko na wa mtu aliye juu. Akikanyaga theluji yenye unyevu, uzito huo wote huishindilia ndani ya kisahani cha ukwato. Unyayo wake una joto kidogo la mwili, nalo huyeyusha theluji iliyo karibu nao. Chuma kilichozunguka unyayo hakina joto lake mwenyewe; hupoa upesi, hata kikawa baridi sawasawa na ardhi. Maji yale machache yaliyoyeyuka yakikigusa chuma, huganda tena, yakaikamata theluji kama gundi. Hatua ya pili huongeza tabaka juu ya tabaka ya kwanza, na hatua ya tatu kadhalika. Tena ukingo wa chuma huizuia theluji isitoke, kama ukingo wa sahani uzuiavyo chakula kisimwagike.

Aliyewahi kupita katika udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika atalielewa jambo hili bila shida. Udongo ule hushika chini ya kiatu. Kila hatua huongeza mwingine, hata mtu akajiona amerefuka, na miguu imekuwa mizito kama aliyefungwa mawe. Mwisho hana budi kusimama na kuukwangua kwa kijiti. Hivyo ndivyo inavyompata farasi katika theluji, ila udongo ule hukaa laini, na theluji hii hugeuka kuwa barafu ngumu. Tena farasi hana mkono wa kushika kijiti.

Farasi asiyevaa chuma naye huweza kupatwa na madonge, lakini aghalabu huwa madogo, nayo huanguka yenyewe. Sababu ni kwamba ukwato mtupu hutanuka kidogo ukikanyaga, na kurudi ukiinuliwa. Mwendo huo mdogo huilegeza theluji na kuisukuma nje. Chuma hupunguza mwendo huo.

Madhara ya donge

Donge likiachwa hukua hata likatokeza nje ya chuma kwa inchi 2, 3 au zaidi, nalo huwa la mviringo upande wa chini. Hapo farasi hasimami tena juu ya ardhi. Anasimama juu ya mipira minne ya barafu. Mtu na ajaribu kufikiri jinsi atakavyotembea akifungwa jiwe la mviringo chini ya kila mguu, na juu ya mabega yake amebeba mzigo.

Madhara yake ni mengi. Kwanza, vifundo vya miguu hupinduka huku na huku, na kano zinazoshikilia mguu huvutika. Kano ya farasi ikiumia, huchukua miezi mingi kupona, na pengine mnyama hawi tena kama alivyokuwa. Pili, uzito ambao ungechukuliwa na ukuta wa ukwato huangukia katikati ya unyayo, mahali ambapo hapakufanywa kwa kazi hiyo; unyayo huvilia damu, na farasi huchechemea. Tatu, donge halishiki ardhi; penye mteremko au penye barafu, farasi huteleza na kuanguka, naye mpandaji huweza kulaliwa na mwili wake. Nne, farasi huchoka upesi, maana kila hatua ni kazi ya kujisawazisha.

Farasi hawezi kusema kwamba anaumia, lakini huonyesha. Hatua zake huwa fupi, hujikwaa mahali pasipo na jiwe, na kichwa chake huinama kutafuta njia. Mpandaji mwangalifu husikia kwamba ameinuliwa juu kuliko alivyokuwa mwanzo wa safari, na kwamba mgongo alioukalia unayumba. Ishara hizo akizidharau, atajua maana yake atakapokuwa chini.

Safari ya mwaka 1812

Pengine msomaji atasema, "Hili ni jambo dogo la mtu mmoja na farasi wake." Habari za mwaka 1812 zaonyesha kwamba mambo ya kwato huweza kuwa makubwa, hata yakaleta maangamizi ya jeshi zima.

Mwaka huo Napoleon Bonaparte, Kaisari wa Wafaransa, aliishambulia Urusi. Mwezi wa Juni alivuka mto Niemen na jeshi la watu zaidi ya 400,000, na farasi wengi mno wa kupandwa, wa kuvuta mizinga na wa kuvuta magari ya vyakula. Miongoni mwa wakuu aliofuatana nao alikuwa Armand de Caulaincourt, msimamizi wa farasi wa Kaisari. Mtu huyu alikuwa amekaa Urusi kama balozi wa Ufaransa tangu mwaka 1807 hata mwaka 1811. Aliijua baridi ya nchi ile, naye alimwonya bwana wake juu yake. Lakini Napoleon aliona kwamba Caulaincourt anatia chumvi.

Septemba 14 Napoleon aliingia Moscow, na mara mji ule ukateketea kwa moto. Alikaa hapo zaidi ya mwezi mmoja, akitumaini kwamba mfalme wa Urusi ataomba amani, hakuomba. Oktoba 19 jeshi likaanza kurudi. Siku zile hewa ilikuwa nzuri, hata wengi wakadhani kwamba habari za baridi ya Urusi ni maneno ya kutishia watoto. Wahunzi wa jeshi hawakuwavisha farasi viatu vya majira ya baridi. Viatu walivyokuwa navyo vilikuwa vya kiangazi, laini chini, visivyo na meno ya kushika barafu.

Mwanzoni mwa Novemba theluji nyingi ikaanguka, na baridi ikazidi. Njia iliyokanyagwa na maelfu ya watu na magari ikawa kama kioo. Farasi waliteleza wakaanguka. Wakainuka, wakaanguka tena. Na mwisho hawakuweza kuinuka. Penye vilima, farasi wengi walifungwa mbele ya mzinga mmoja, na bado haukupanda. Mizinga ikaachwa njiani, na magari ya vyakula na ya majeruhi yakaachwa vilevile. Askari wapanda farasi wakawa waenda kwa miguu. Kabla mwezi haujaisha, maofisa ambao farasi wao walikuwa wamesalia walikusanywa kufanya kikosi kimoja cha kumlinda Kaisari, kwa kuwa vikosi vya zamani havikuwa na farasi tena.

Ni kweli kwamba njaa, uchovu na mapigano vilikuwa vimekwisha kuwadhoofisha farasi. Wengi walikufa hata kabla ya theluji kuanguka. Lakini Caulaincourt, katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichochapishwa mwaka 1933, miaka mingi baada ya kufa kwake, ameeleza kwamba kukosa viatu vya majira ya baridi kulileta hasara kubwa kuliko baridi yenyewe. Farasi aliyeanguka mara kumi kwa siku hutumia nguvu zake zote katika kuinuka, wala hazisalii za kwenda mbele.

Naye Caulaincourt hakuishia katika kuonya. Farasi wa nyumba ya Kaisari walikuwa chini ya mamlaka yake, na hao aliwavisha viatu vyenye meno mapema, kabla barafu haijafika. Desemba 5 Napoleon aliliacha jeshi katika mji wa Smorgoni, akaenda zake Paris upesi, na Caulaincourt akifuatana naye. Walifika Desemba 18. Nyuma yao maelfu ya watu walikuwa wakitembea katika theluji kwa miguu iliyofungwa matambara, na wengi wao hawakuiona tena nchi yao.

Hapakuwa na siri yoyote katika jambo alilolifanya Caulaincourt. Chuma kilikuwapo na wahunzi walikuwapo. Hata siku za kufanya kazi, zaidi ya 30, zilikuwapo mle Moscow. Lililokosekana ni mtu mwenye amri juu ya jeshi zima aliyekubali kuinua mguu wa farasi na kuutazama kabla ya theluji.

Njia za kuzuia

Watu wa nchi za baridi wamejifunza njia nyingi za kuilinda miguu ya farasi. Hakuna iliyo kamili. Kila moja ina faida yake na hatari yake.

Njia ya kwanza ni kumwondolea farasi viatu vyake majira yote ya baridi. Farasi wa Yakutia, katika Siberia, huishi nje bila viatu katika baridi iwezayo kushuka hata digrii 50 chini ya 0, nao huichimbua theluji kwa kwato zao watafute majani. Lakini farasi aliyezoea chuma hawezi kubadilishwa kwa siku moja. Ukwato wake huhitaji majuma kadhaa ili ukomae. Tena ardhi iliyoganda ikiwa na mashimo na kingo kali huweza kuumiza unyayo mtupu. Njia hii yamfaa farasi afanyaye kazi kidogo katika theluji laini.

Njia ya pili ni mafuta. Kabla ya kutoka, unyayo husafishwa na kukaushwa, kisha hupakwa siagi, mafuta ya nguruwe au mafuta ya mgando. Mafuta huzuia maji yasishike katika ukwato na chuma, na donge huanguka kwa urahisi. Njia hii ni rahisi na ya zamani, lakini haidumu. Kila hatua huondoa mafuta kidogo, na baada ya muda mfupi hayapo. Kwa hiyo yafaa kwa safari fupi. Kwa safari ndefu ni lazima kuyachukua na kuyapaka tena.

Njia ya tatu ni kipande cha mpira au cha plastiki kiwekwacho kati ya chuma na ukwato. Viko vya namna mbili. Namna ya kwanza hufunika unyayo wote, na katikati yake pana kivimbe kama nusu ya chungwa. Farasi akikanyaga, kivimbe hubonyea; akiinua mguu, kivimbe huruka na kuitupa theluji nje. Namna ya pili haifunikii unyayo. Ni ukanda wenye bomba jembamba la mpira ambalo hufuata ukingo wa ndani wa chuma. Bomba hilo nalo hubonyea na kurudi, hata theluji isipate mahali pa kushika. Ile ya kwanza hutupa theluji vizuri sana, lakini huficha unyayo, na unyevu ukiingia chini yake ukwato huweza kuoza bila kuonekana. Ile ya pili huuacha unyayo wazi, hata uweze kusafishwa na kutazamwa kila siku.

Kipande cha mpira huondoa donge, lakini hakizuii kuteleza juu ya barafu. Kwa hiyo mhunzi huongeza njia ya nne, yaani meno. Pengine huwa misumari maalumu yenye vichwa vigumu vitokezavyo. Pengine huwa vipande vidogo vya chuma kigumu vikazwavyo katika matundu ya kiatu, navyo huweza kufunguliwa na kubadilishwa. Huko St. Moritz, katika Uswisi, ambako tangu mwaka 1907 farasi hushindana mbio juu ya ziwa lililoganda, hakuna atakayethubutu kumtoa farasi wake kwa viatu laini. Lakini meno yakiwa marefu kupita kiasi, huusimamisha mguu ghafula badala ya kuuacha uteleze kidogo kama ulivyoumbwa, na viungo huumia. Tena farasi mwenye meno ya chuma huweza kujijeruhi mguu kwa mguu, au kumjeruhi mwenzake kwa teke. Mhunzi mwenye busara huweka meno machache na mafupi, kadiri njia ihitajivyo.

Safarini

Njia zote hizo hazimwondolei mpandaji kazi yake mwenyewe. Zamani madereva wa magari ya kuteleza hawakutoka bila nyundo ndogo, iliyofungwa katika hatamu au garini. Donge likikua, dereva alishuka, akauinua mguu wa farasi, akagonga ubavu wa chuma mara mbili tatu. Donge likaanguka zima kama kokwa litokavyo katika tunda. Mpandaji wa leo huchukua nyundo kama hiyo, au chuma cha kuchokolea kilichopindwa ncha. Huanza nyuma ya ukwato akienda mbele, naye hujihadhari asichome kile kipande laini cha katikati. Wala hagongi katikati ya unyayo kamwe, kwa kuwa pigo likipenya barafu litamwumiza mnyama.

Mpandaji mwangalifu huitazama hewa kabla ya kutoka. Ikiwa theluji ni kavu na baridi ni kali, hana hofu kubwa. Ikiwa jua limetoka na theluji inaanza kulainika, ajua kwamba hiyo ndiyo siku ya madonge. Huenda hatua kwa hatua, hakimbizi farasi mahali asipopajua, na kila mara husimama, akashuka, akatazama kwato zote nne. Penye mteremko wenye barafu hushuka akamwongoza farasi kwa mkono. Akirudi nyumbani, humaliza kusafisha kwato kabla ya kumwingiza farasi zizini, maana donge juu ya sakafu laini huteleza kuliko juu ya theluji. Haachi mnyama asimame usiku kucha juu ya mawe ya barafu, eti kwa sababu mikono yake mwenyewe inauma kwa baridi.

Kushuka katika tandiko wakati wa baridi si jambo la kupendeza. Mtu amejifunika, amepata joto kidogo, na nyumba iko karibu. Moyo humwambia, "Endelea, tutatazama tukifika." Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kazi ya dakika tatu njiani huokoa mguu ambao ungehitaji miezi mingi ya kuuguzwa, na pengine huokoa uhai wa mpandaji mwenyewe. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Katika nchi ya theluji ufa huo hauonekani ukutani, uko chini ya ukwato, nao huonekana kwa mtu akubaliye kuinama.

Maswali

1. Theluji ya namna gani hushika zaidi katika kwato, nayo huwapo wakati baridi ikiwa kiasi gani?
2. Eleza kazi ya joto la unyayo na ya ubaridi wa chuma katika kufanyika kwa donge.
3. Kwa nini farasi asiyevaa viatu hupata madonge madogo kuliko avaaye?
4. Taja madhara mawili ya donge kwa farasi, na dhara moja kwa mpandaji.
5. Caulaincourt alifanya nini ambacho wakuu wengine wa jeshi hawakufanya? Aliwezaje kujua?
6. Kipande cha mpira chenye kivimbe kina faida gani, na hatari gani?
7. Mafuta yamfaa mpandaji wa namna gani, nayo hayamtoshi yupi? Toa sababu.
8. Andika habari fupi ya jambo dogo, katika kijiji chako au shuleni, ambalo likisahauliwa huleta hasara kubwa.